Wa Pili wa Boston

Katika kazi yangu ya kufasiri mashairi, neno lililonitaabisha kuliko yote si neno la ajabu, wala halimo katika tenzi za kale pekee. Ni kushindwa. Lugha hii yetu, ambayo haikubali kuiita nazi kwa jina moja tangu kidaka hadi kitale, dafu na koroma, imeridhika kutumia neno hilo moja kwa mambo mawili yasiyofanana: kuzidiwa na mwenzio, na kutoweza. Aliyepitwa hatua tatu ameshindwa, na aliyekaa kitako asiinuke kabisa ameshindwa vile vile.

Taabu ya neno hili niliijulia mjini Dodoma, mwezi wa Aprili mwaka 1988.

Nilikuwa na umri wa miaka 18. Masomo niliyaachia kidato cha pili huko Wete, na mjomba wangu, ambaye kama Wapemba wengi wa zama zile alikuwa ameifuata biashara bara, aliniita nikamsaidie duka lake la nguo karibu na soko la Majengo. Nikavuka bahari, nikapanda gari moshi la Reli ya Kati jioni, na asubuhi nikateremka katika nchi ambayo sikuwa na msamiati wake. Mtu wa pwani akifika Dodoma kwanza huitafuta bahari bila ya kujua kuwa anaitafuta. Hugeuza uso upande unaotoka upepo, na upepo upo, tena mkali, lakini unakuja na vumbi jekundu badala ya chumvi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikikatika mwezi wa Aprili au Mei hairudi hadi Novemba au Disemba, na mito inayochorwa katika ramani ukiiendea unakuta mchanga, na watu wamechimba visima ndani ya mchanga huo. Mibuyu imesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Niliichukia nchi ile kwa miezi sita, kisha nikaacha kuichukia, na sasa ni miaka mingi naiota.

Mjomba akinunua magazeti ya Kiingereza ya zamani kwa kilo, ya kufungia nguo. Hayo ndiyo yaliyokuwa chuo changu. Nilikuwa na kamusi moja iliyong'oka jalada, na kila alasiri wateja wakipungua nilikaa barazani kando ya fundi cherahani nikasoma habari ya mwaka uliopita kana kwamba ni ya leo, nikiifasiri kwa sauti. Wasikilizaji walikuwa fundi mwenyewe, wapagazi wawili wa sokoni, na mzee mmoja wa Kigogo aliyewahi kuwa mlinzi wa stesheni, ambaye hakuwa akinunua kitu lakini alikuwa na kigoda chake pale. Asubuhi nikimwamkia shikamoo, yeye akiitikia marahaba kisha hunisalimu tena kwa kwao, "Mbukwa," akingoja niitikie sawasawa.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ndiyo kwanza umeandama tuliposikia redioni kwamba Juma Ikangaa amekimbia Boston. Jina hilo halikuhitaji maelezo barazani kwetu. Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957, alikuwa mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi, mtu mfupi, mwepesi, na mji mzima ulimhesabu kuwa ni wake hata kwa wale ambao hawakuwahi kumtia machoni. Mbio zilikimbiwa tarehe 18 Aprili. Baada ya siku kadhaa likatufikia gazeti la Kiingereza, safari hii jipya, nami nikaombwa nilifasiri. Ibrahim Hussein wa Kenya, saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Juma Ikangaa wa Tanzania, saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za Boston, mbio zilizoanza mwaka 1897.

Fundi akauliza kama huyo Hussein ni Muislamu mwenzetu, tukajadili hilo kwa muda. Kisha nikasoma sentensi iliyofuata, nikaifasiri kama nilivyojua: "Ikangaa alishindwa."

Mzee akasema, "Mwanangu, hebu rudia."

Nikarudia.

"Kwani hakufika?"

"Amefika, babu. Amefika wa pili."

"Basi kwa nini unasema ameshindwa? Mimi nikikutuma maji kisimani ukarudi na ndoo tupu, ndiyo umeshindwa." Kisha akataka kujua sekunde moja ni muda gani. Nikamhesabia kwa mdomo: "Moja." Akangoja, akidhani nitaendelea. Nilipomwambia kuwa imekwisha, akacheka mpaka akashika kigoda, akasema, "Huyo katanguliwa tu. Andika hivyo."

Sikuandika hivyo. Nilikuwa kijana, na vijana hupenda mambo yawe na mwisho. Mwaka uliofuata Ikangaa akawa wa pili Boston tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia, na mwaka 1990 akawa wa pili mara ya tatu mfululizo, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia aliyekuwa bingwa wa Olimpiki. Mara zote tatu zilikuwa ndani ya Ramadhani. Nilikuwa na mzaha wangu barazani, kwamba Boston kuna nyumba ya pili na Ikangaa ndiye mpangaji wake. Watu walicheka. Mzee hakucheka, nami nilidhani hakufahamu.

Msomaji, imenichukua muda mrefu kufahamu yeye alifahamu nini.

Ikangaa alikuwa na namna yake ya kukimbia, na namna hiyo ndiyo iliyomfanya wa pili. Alikimbia mbele. Katika mbio ndefu kuna hekima ya kujificha: unakaa nyuma ya wenzako, wao wanakata upepo, wao wanabeba mzigo wa kuamua kasi, wewe unahifadhi nguvu zako hadi zimebaki mita mia chache, kisha unachomoka. Anayekwenda hivyo huhitaji mbio kali za mwisho, na mbio hizo Ikangaa hakuwa nazo za kumtosha. Kwa hivyo alifanya jambo ambalo mtu asiye na mbio za mwisho anaweza kulifanya kwa heshima: alijaribu kuwamaliza wenzake mapema, kilomita ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, akitumai kwamba utepe ukionekana atakuwa amebaki peke yake.

Tarehe 8 Oktoba 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Australia, yeye na Gidamis Shahanga waliondoka mbele wakaliacha kundi lote. Shahanga, mtu wa upande wa Hanang, alikuwa bingwa mtetezi wa mbio hizo tangu Edmonton 1978, na katika michezo ile ile ya Brisbane alikuwa amekwisha kuchukua dhahabu ya mita 10,000. Watanzania wawili mbele, na nyuma yao nchi nzima ya Australia ikimlilia mtu wake mmoja, Robert de Castella, awafikie. Akawafikia. Shahanga alikatika, Ikangaa hakukubali. Alipopitwa alirudi akapita yeye, akapitwa tena. De Castella saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Wa tatu aliwasili dakika mbili na nusu baadaye. Waaustralia wanaikumbuka asubuhi ile hadi leo kuwa miongoni mwa mbio zao tukufu, na kila wanapomsimulia de Castella hawana budi kumtaja Ikangaa, maana ushindi ule pasipo yeye ungekuwa matembezi tu.

Mwaka 1983, Fukuoka, Japani: Toshihiko Seko alimkalia nyuma mpaka mwisho, akamtoka ndani ya uwanja. Saa 2:08:52 kwa 2:08:55. Sekunde tatu. Hesabu ni rahisi kwa anayependa hesabu: kwa kasi aliyokwenda Ikangaa pale Boston mwaka 1988, sekunde moja ni kama mita tano na nusu. Ni urefu wa duka la mjomba, kutoka mlangoni hadi kwenye rafu ya vitenge. Kati ya mita 42,195.

Wapenzi wa mashairi watanielewa nikisema kwamba Ikangaa alikuwa mfunguaji. Katika mashairi ya kujibizana, anayefungua ndiye anayechagua bahari, anayepanga vina vya kati na vya mwisho, anayetupa fumbo hadharani bila ya kujua litarudi na nini. Mjibuji anakaa nyuma. Ana wiki nzima, ana vina alivyotayarishiwa, anajua wapi mwenzake ameteleza. Aghalabu jibu ndilo linalokaririwa na watu. Lakini hakuna jibu pasipo aliyefungua, na nimewajua malenga wa kisiwani kwetu waliokataa maisha yao yote kujibu, wakitaka kufungua tu, kwa kuwa kukaa nyuma waliona ni uzembe.

Na si yeye peke yake. Nikiitazama riadha ya Tanzania naona tabia hii kama ukoo. Filbert Bayi, Christchurch, 1974: aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, na safari hiyo kukimbia mbele kulilipa. Moscow, 1980, aliongoza tena, sasa katika mbio za kuruka viunzi na maji, akapitwa, akapata fedha. Mwenzake Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi Paris 2024. Nchi yenye medali mbili, na zote mbili za nafasi ya pili! Nimewahi kusoma hilo likiandikwa kama aibu.

Olimpiki haikumfaa Ikangaa. Wa sita Los Angeles 1984, wa saba Seoul 1988, wa 34 Barcelona 1992, na hapo njia ikafika ukingoni. Tangu Brisbane ni miaka kumi tu. Umri wa mkimbiaji ni mfupi kuliko wa mshairi. Sisi tukiharibikiwa na shairi leo tunalo la kesho hata tukiwa na miaka sabini.

Wala nisionekane kumfanya fukara wa ushindi. Alishinda Tokyo mwaka 1984, na tena 1986 kwa saa 2:08:10. Alishinda Fukuoka mwaka huo huo wa 1986. Na tarehe 5 Novemba 1989, New York, alikwenda mbele kama ada yake na safari hiyo hakuna aliyemfikia: saa 2:08:01, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya wa pili, kwa muda ambao haukuwahi kukimbiwa katika njia ile na ambao haukuvunjwa hadi mwaka 2001. Nakumbuka habari ilivyofika Dodoma. Mvua ilikuwa bado, mawingu yakipita juu bila ya kushuka, na fundi cherahani alisimama akapiga kofi juu ya mashine yake. Mimi nilimtazama mzee nikitaka kuona atasema nini. Alisema, "Leo hakutanguliwa," akaendelea kunywa chai yake. Kwake lilikuwa jambo lile lile.

Nimeondoka Dodoma mwaka 1990, na mzee sikumwona tena.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kujiita mfasiri bila ya kupewa ruhusa na mtu, nilianza kuitia katika Kiswahili diwani ya mshairi mmoja wa ng'ambo niliyempenda. Nilikaa nayo miaka tisa. Usiku, baada ya duka, kwa kandili na baadaye kwa umeme, nikihesabu mizani kwa vidole juu ya magoti. Nilipokuwa nanakili nakala safi, tafsiri ya mtu mwingine ya diwani ile ile ikatoka chapani. Mchapishaji niliyemwendea alinijibu kwa adabu kwamba soko haliwezi kubeba mbili. Nikaenda nyumbani, nikaufunga mswada kwa kamba ya katani, na neno lililonijia, kwa herufi zake zote, lilikuwa lile lile: nimeshindwa.

Muda mrefu mswada ule ulikaa chini ya kitanda. Siku nilipoufungua nilikaa na tafsiri ya mwenzangu mkono huu na yangu mkono huu. Kuna mahali alinipita, tena pazuri, nikasema kweli ndugu yangu hapa umechomoka. Kuna mahali yeye alipita pembeni ya shairi nami nilipita ndani. Si kazi ya kunifanya nijisifu, lakini haikuwa ndoo tupu. Ndipo nikamkumbuka mzee na kigoda chake, na ndipo nilipoanza kutafuta kila kilichoandikwa juu ya Ikangaa. Nilikuwa na deni lake.

Mfasiri, hata akiwa stadi wa namna gani, ni wa pili. Kabla yake kuna mtu amekwisha kufika. Shaaban Robert, aliyepata kufanya kazi Mpwapwa katika miaka ya 1940, mkoa huu huu wa Dodoma, vumbi hili hili, alimleta Omar Khayyam katika Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1952. Hakumtoa katika Kiajemi; alimtoa katika Kiingereza cha FitzGerald. Wa pili wa wa pili! Na nani kati yetu anayeweza kusema Shaaban Robert alishindwa?

Yapo maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Ikangaa, ambayo wakimbiaji wa dunia nzima huyanukuu kwa Kiingereza. Nimejaribu mara nyingi kuyarudisha kwetu. Kwa uzito wake ni kwamba hamu ya kushinda si kitu pasipo hamu ya kujiandaa. Lakini "hamu" ni nyepesi mno, ni ya chakula. "Nia" ni tulivu, inaweza kukaa moyoni bila ya kutoka. "Ari" ina moto lakini huzimika. "Azma" iko karibu, ila inanukia hotuba. Nadhani mtu aliyezaliwa Dodoma na kutumikia jeshi linaloamrishana kwa Kiswahili alilifikiri jambo hilo kwa Kiswahili kabla hajalisema kwa Kiingereza, kwa hivyo mimi hapa simfasiri, namrudishia chake, na bado sijui alikiita nani. Katika uzee wake ameendelea kushughulika na maandalizi ya wengine. Tangu mwaka 2017 jina lake limehusishwa na mashindano ya riadha ya wanawake ya Dar es Salaam yanayoungwa mkono na Wajapani, watu ambao hawakusahau aliyoyafanya Tokyo na Fukuoka.

Mwaka jana, ikiwa sijasema, kulikuwa na jambo la kunikatiza nisiandike makala haya, kisha likawa ndilo lililonilazimisha. Mwezi wa Aprili 2025 Alphonce Simbu, mtu wa mkoa wa Singida, uwanda ule ule wa kati, mwanajeshi kama Ikangaa, alikimbia Boston akawa wa pili. Nilicheka peke yangu. Nyumba ya pili imepata mpangaji mwingine. Kisha tarehe 15 Septemba, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, alikimbia marathoni na Mjerumani Amanal Petros, na wote wawili wakaandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe. Simbu wa kwanza, kwa sehemu tatu za mia za sekunde, naye akawa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu katika mashindano hayo ya dunia.

Mjukuu wangu ndiye aliyenionesha asubuhi ile kwenye simu, kabla hajaenda skuli. Aliirudia picha mara nne, akishangilia kila mara kama mpya. Kisha akaniuliza, "Babu, na huyu mwengine kashindwa?"

"Katanguliwa," nikamwambia.

"Kwa muda gani?"

Nikafungua mdomo nimhesabie, kama nilivyomhesabia mzee wa stesheni mwaka 1988, nikakuta muda ule hauhesabiki kwa mdomo.